Povu Silo Linalofua: Familia za Mutarule Zinalipa Sabuni Mara Mbili

MUTARULE, UVIRA. — Kuna uongo unaouzwa kila siku ya soko katika bonde la Ruzizi, tena unauzwa ndani ya vifuko vidogo vya plastiki vilivyofungwa fundo. Uongo wenyewe ni huu: sabuni yenye povu jingi ndiyo sabuni kali. Muuzaji anautumia kumaliza mzigo wake. Mama mkwe anautumia kumpima binti aliyeolewa juzi. Mwanaume ambaye hajawahi kubeba hata bidoni moja ya maji anautumia kuuliza mbona beseni la leo halikujaa povu. Wanaoulipia ni wale wanaoishi kwa kuhesabu maji, na wa kwanza kati yao ni familia zilizohamishwa na vita, ziwe zimepokelewa na ndugu au zimejenga vibanda kando ya barabara.

Hesabu yake si ngumu. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada duniani yanasema yanazifuata, zinataka mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Familia ya watu sita ingekuwa na lita 90, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Hicho ni kiwango cha kwenye karatasi. Wengi wanaosoma au kusikiliza habari hii wanajua wenyewe ni bidoni ngapi zinazofika kweli nyumbani.

Sasa tazama beseni la kusuuza. Likiwa na lita 10, nguo zilizojaa povu la poda zinapita humo mara nne, na bado maji yanateleza kwenye vidole. Hizo ni bidoni mbili. Nguo hizohizo zikifuliwa kwa sabuni ya povu kidogo, au kwa poda iliyopimwa vizuri, zinatosheka na mabeseni mawili. Iliyookolewa ni bidoni nzima kwa kufua mara moja tu. Bidoni hiyo ina uzito wa kilo 20, na mara nyingi hubebwa na msichana ambaye saa hiyo alipaswa kuwa anaandika masomo yake.

Mutarule, huko karibu na Luberizi, safari ya maji ina uzito mwingine ambao mizani haionyeshi. Kijiji hiki hakihitaji kukumbushwa usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu zaidi ya thelathini walipouawa, wengi wao wanawake na watoto. Mahali pa namna hiyo, saa ya kutoka nyumbani na saa ya kurudi ni mambo ambayo mzazi anayafikiria. Kumtuma mtoto safari moja zaidi kwa ajili ya kuondoa povu lisilo na faida ni gharama ambayo hakuna muuzaji anayeiandika kwenye bei.

Basi sabuni inafanya nini ndani ya maji? Kila chembe yake ina ncha mbili. Moja inapenda maji, nyingine inapenda mafuta. Ile ya mafuta inashika jasho la kola, mawese yaliyomwagika, grisi ya pikipiki. Ile ya maji inavuta uchafu huo utoke kwenye uzi, na mikono inamalizia kwa kusugua. Kazi yote hiyo inafanyika chini, kwenye nguo yenyewe. Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya ngozi nyembamba ya maji na sabuni, nalo linaelea juu. Sabuni iliyopanda kukaa kwenye povu iko kama mfanyakazi aliyeacha jembe akapanda juu ya paa kupunga upepo, na bado anahesabiwa mshahara.

Hata hivyo imani hii haikutoka hewani, na mabibi wa Uvira na wa pwani yote ya ziwa hawakuwa wajinga walipoishika. Ilitoka kwenye sabuni ya kipande. Maji ya Tanganyika yana chumvi nyingi za magnesi, ambazo kwa sehemu kubwa zinaletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu. Sabuni ya kipande ikiingia humo, kwanza inanaswa na zile chumvi na kugeuka utando mweupe, ule unaobaki ukingoni mwa beseni na kwenye nguo nyeusi. Mpaka chumvi ziishe, povu halionekani. Kwa hiyo mama aliyekuwa akifua kando ya ziwa, alipoona povu limeanza, alijua kwamba sasa sabuni imetosha na imeanza kazi. Kwake povu lilikuwa alama ya kweli. Mito inayoshuka kutoka milimani kwa kawaida ina maji laini zaidi, ndiyo sababu mtu aliyehama kutoka Haut-Plateaux akafika ufukweni anashangaa kipande kilekile kimekuwa "kizito".

Halafu ikaja poda. Poda ya kufulia haikutengenezwa kama kipande, na hizo chumvi haziisumbui sana. Inatoa povu kwenye maji magumu na kwenye maji laini, inatoa povu hata kabla haijagusa uchafu. Alama ya zamani imekufa, lakini watu wanaendelea kuisoma. Mama anaongeza kiganja cha pili cha poda ili aone kile alichokiona bibi yake, na anachoongeza ni maji ya kusuuza.

Wanaotengeneza poda wanalijua hili kuliko mtu yeyote, na hapo ndipo hasira inapostahili kuelekezwa. Ulaya na Marekani, na kwa matajiri wa Nairobi na Kinshasa wenye mashine za kufua, viwanda vinauza poda ambayo imezuiwa makusudi isitoe povu. Sababu ni kwamba ndani ya mashine povu jingi linazuia nguo zisigongane vizuri, linamwagika nje, na nguo zinatoka chafu. Nguo za matajiri hao zinatakata bila povu. Lakini kwa mwanamke anayefua kwa mikono, mwenye maji machache kuliko wote, ndiko kunakopelekwa poda ya povu la mlima, na matangazo yanamwonyesha povu likipanda mpaka kwenye viwiko vya mikono. Mwenye bomba ndani ya nyumba ameuziwa poda ya kuokoa maji. Anayeteka mtoni ameuziwa poda ya kuyamaliza.

Si kwamba haiwezekani kufanya tofauti. India, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Unilever ilianza kuuza poda ya povu kidogo kwa wanaofua kwa mikono, Surf Excel Quick Wash, na tangazo lake lilizungumzia ndoo mbili za maji zinazookolewa kila siku. Walitambua kwamba mahali penye foleni ya maji, sabuni isiyohitaji kusuuzwa mara nyingi ina bei yake. Soko la Sange na soko la Uvira lina foleni ya maji isiyopungua ya huko. Lakini hapa kifuko cha poda hakina hata jina, kwa sababu kimefunguliwa kutoka mfuko mkubwa na kugawanywa kwa kijiko. Maandishi ya kueleza kama ni ya mikono au ya mashine, na ya kipimo gani kwa maji kiasi gani, yamebaki kwenye ule mfuko wa muuzaji.

Mwathirika wa pili wa uongo huu ni sabuni ya nyumbani. Kutoka Makobola kuteremka mpaka Fizi kuna michikichi, na kuna akina mama na vijana wanaopika sabuni ya mawese kwa soda. Ng'ambo ya ziwa, Rumonge inajulikana Burundi nzima kwa michikichi yake. Sabuni ya mawese matupu ina tabia moja: inachelewa kutoa povu, na povu lake ni dogo na zito. Ile inayotoa povu haraka na jingi ni ya mafuta ya kokwa za mchikichi, yale yanayoitwa mise upande wa Kigoma, au ya nazi. Kwa hiyo mtengenezaji wa mawese anaambiwa sokoni kwamba sabuni yake ni "dhaifu". Baadhi wanajibu kwa kununua mafuta mengine ya bei kuliko yao wenyewe ili povu lionekane. Sabuni yao ilikuwa inafua kabla ya hapo! Kinachofanya sabuni ya mawese iwe mbaya ni kitu kingine kabisa: soda iliyozidi, au kipande kilichokatwa na kuuzwa kikiwa bado kibichi. Hicho ndicho kinachochoma mikono na kupauza kitenge. Kipande kilichoachwa kikauke kwa wiki nne au zaidi mahali penye hewa kinakuwa kigumu, hakiyeyuki ovyo kwenye beseni, na hakiumizi. Mnunuzi anayebonyeza kipande kwa kidole na kuuliza kimepikwa lini anajua anachokitafuta. Anayeuliza kama kina povu ameuliza swali lisilo na jibu la maana.

Je, achague nini mama wa Mutarule, kwa pesa aliyo nayo na maji aliyo nayo? Poda ya mashine ni ghali na mara nyingi haipatikani, basi iachwe. Kipande kilichokauka vizuri ndicho cha kwanza kwa kola, mikono ya shati, na nguo za watoto, kwa sababu kinapakwa palepale penye uchafu na hakimwagiki kwenye maji yote. Poda itumike kidogo kwa nguo nzito za shamba, ikiyeyushwa kwanza kwenye maji, na nguo zilowekwe nusu saa kabla ya kusuguliwa. Kuloweka kunafanya kazi ambayo watu wanadhani inafanywa na poda ya ziada. Nguo yenye damu iloweke kwenye maji baridi, si ya moto.

Na kuna jambo moja ambalo wenye viwanda wanalitumia na ambalo mama yeyote anaweza kulifanya bure: sabuni ya kipande inaua povu la poda. Katika maji magumu, vipande vidogo vya sabuni vilivyokwanguliwa kwa kisu na kutiwa kwenye maji ya poda vinanaswa na zile chumvi, vinatengeneza chembe ndogo zinazopasua mapovu. Poda nyingi za mashine huko Ulaya zimezuiwa povu kwa njia hiyohiyo, kwa kutiwa sabuni kidogo ndani. Kwa hiyo makombo ya kipande, yale yaliyobaki madogo yasiyoshikika mkononi, yasitupwe. Nusu ya kipimo cha poda pamoja na makombo hayo, kwenye maji ya ziwa au ya kisima kigumu, inatoa beseni lisilo na mlima wa povu, na nguo zinatoka.

Asiyeamini apime. Achukue vitambaa viwili vilivyochafuliwa sawasawa kwa mawese na udongo, mabeseni mawili yenye maji sawa, kimoja akifue kwa njia ya povu na kingine kwa njia hii. Asitazame beseni. Ahesabu mara za kusuuza mpaka maji yaache kuteleza, aanike vyote juani, halafu avitazame vikikauka. Jaribio hilo linagharimu asubuhi moja, na majirani wakilitazama pamoja linamaliza mabishano ya mwaka mzima.

Wapo wanaotetea povu, na hoja zao si za kupuuzwa zote. Wanasema povu linaonyesha sabuni imefika wapi kwenye nguo. Ni kweli kwa blanketi na nguo pana, na povu kidogo linatosha kwa hilo. Wanasema linalainisha nguo isichanike wakati wa kusugua. Utelezi huo unatoka kwenye sabuni iliyomo majini, na unakuwepo hata povu likiwa dogo. Wanasema harufu ya poda inaonyesha nguo ni safi. Harufu ni manukato yaliyotiwa kiwandani, na inakaa vizuri zaidi kwenye nguo ambayo haikusuuzwa vya kutosha, yaani kwenye nguo ambayo bado ina sabuni.

Sabuni hiyo iliyobaki ndiyo inayowaumiza watoto. Nguo inakauka ngumu kama karatasi, inashika vumbi upesi, na mtoto anajikuna shingoni na kwenye mapaja. Mama anadhani ni joto au maji machafu, anafua tena, na poda inaongezwa. Kwa vitambaa vya hedhi jambo ni kubwa zaidi, na linazungumzwa kwa sauti ya chini mno. Msichana anayeishi chumba kimoja na familia ya watu wengine hana nafasi ya kusuuza kitambaa mara tano mbele ya kila mtu. Anasuuza mara moja, anakificha kikauke mahali pasipo na jua. Kitambaa chenye poda kinamwasha, na aibu inamzuia kusema. Kwake sabuni ya kipande yenye povu dogo, inayotoka kwa beseni moja au mawili, ni afadhali kuliko pakiti yoyote ya rangi nzuri. Na jua ni lake pia. Kuwe na kamba ya kuanika ambayo wasichana wanaweza kuitumia bila kuchekwa.

Kuhusu kipindupindu, ambacho Uvira inakijua miaka mingi, uongo wa povu unakuwa hatari. Povu haliui kidudu cha kipindupindu. Nguo na shuka za mgonjwa zinahitaji dawa ya klorini kwa kipimo kinachotolewa na wahudumu wa afya, na zisifuliwe mtoni wala ziwani ambako wengine wanateka. Kinachozuia ugonjwa nyumbani ni mikono iliyonawishwa kwa sabuni, ya aina yoyote, na maji ya kunywa yaliyotibiwa. Bidoni iliyomwagwa kwa kuondoa povu ni bidoni iliyokosekana kwa kunawa mikono baada ya choo.

Mto nao una la kusema. Mashapo na takataka zinazoingia Tanganyika haziondoki upesi, maana ziwa hili kubwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Sabuni nyingi mahali pamoja inadhuru mashavu ya samaki, na kila mtu hapa anakula ndagala. Wazungu wenyewe walipata somo: baada ya Vita vya Pili vya Dunia poda zao zilijaza mito povu lisilooza, na Ujerumani ya Magharibi ikalazimika kutunga sheria mwaka 1961, ikaanza kushika 1964, ya kulazimisha viwanda kutumia aina inayooza. Hapa hakuna anayepima kilichomo kwenye kifuko kisicho na jina. Kuyamwaga maji ya poda shambani kando, mbali na mahali pa kuteka, si kazi kubwa.

Linabaki suala la wanaogawa misaada. Kanuni zilezile za Sphere zinataja gramu 250 za sabuni ya kuoga na gramu 200 za sabuni ya kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Kwa familia ya watu sita, ya kufulia peke yake ni kilo 1 na gramu 200. Kanuni inataja uzito. Wanaonunua wanatazama bei. Na kati ya hayo mawili hakuna anayeuliza sabuni hiyo itasuuzwa kwa maji gani. Kugawa poda ya povu jingi kwa familia ambayo haikupewa bidoni ni kumpa mtu deni. Kamati za waliohamishwa, ambazo kwa kawaida zinaitwa tu kuja kuhesabu majina na kutia vidole, zina haki ya kuuliza mapema, kabla lori halijafika: ni kipande au poda? Kimekauka? Kinatoka wapi, na kwa nini kisitoke kwa wapika sabuni wa Uvira na Fizi, ambao mawese yao yapo karibu na ambao nao wana watoto wa kusomesha? Na kama lazima iwe poda, wapime mbele ya watu ni vijiko vingapi kwa beseni moja, na watumie kijiko ambacho kila nyumba inacho.

Ugawaji wa sabuni unafanyika kwa orodha, na orodha inaandikwa siku kadhaa kabla. Maswali hayo yaulizwe siku ile ya kuandika majina.